Msafara wa Karatasi: Mbio za Baiskeli za Mwigo na Msamiati wa Safari ya Vituo Katika Mazingira ya Likasi

1.0 Utangulizi

Mbio za baiskeli za vituo ni mchezo usioweza kuonwa wote na mtu mmoja. Aliyesimama kando ya barabara huwaona wapanda baiskeli kwa nusu dakika, kisha hubaki na vumbi. Yaliyotangulia na yatakayofuata huyapata kwa kusimuliwa, na jedwali la muda asomalo jioni ndilo linalomweleza kilichotokea machoni pake. Kwa sababu hiyo mchezo huu hutegemea lugha kuliko kandanda, ambayo mtazamaji huiona yote uwanjani mwanzo hadi mwisho. Mbio za mwigo, yaani zile zinazochezwa kwa kadi juu ya meza au kwa programu ya kompyuta, zimelifikisha jambo hili mwisho wake. Humo hamna barabara wala jasho. Kuna hesabu na masimulizi tu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi mbio za vituo za mwigo zinavyofanya kazi na maana ya kuifuata timu ndani yake. Pili, yanachunguza maneno ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuyatumia katika kuzisimulia. Mahali pa mfano ni Likasi, mji wa madini wa mkoa wa Haut-Katanga, ambao uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Hoja inayotetewa ni kwamba mshabiki asiye na maneno ya kutajia kazi ya wasaidizi huyaona matokeo peke yake, na kila pigo linaloipata timu yake huliita bahati mbaya. Maneno hayo Kiswahili kinayo, na kimekuwa nayo tangu zama za misafara.

2.0 Mbio za Vituo na Hesabu ya Muda

Katika mbio za vituo washindani husafiri siku kadhaa, kila siku wakitoka kituo kimoja hadi kingine. Safari ya siku moja itaitwa hapa mwendo. Muda alioutumia kila mpanda baiskeli katika kila mwendo hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Mtu anaweza kushinda mbio nzima bila ya kuwa wa kwanza katika mwendo hata mmoja. Kanuni hii ilitumika katika mbio za kuzunguka Ufaransa zilipoanzishwa mwaka 1903. Kuanzia mwaka 1905 hadi 1912 waandaaji waliiacha wakahesabu pointi za nafasi, kisha wakairudia.

Uzito wa kanuni hiyo ulidhihirika mwaka 1989. Laurent Fignon wa Ufaransa aliuanza mwendo wa mwisho, wa kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akiwa ametangulia kwa sekunde 50. Greg LeMond wa Marekani alimshinda siku hiyo kwa sekunde 58. Baada ya safari ya zaidi ya kilomita 3,200, tofauti ya jumla ilikuwa sekunde 8. Sekunde hizo zingeweza kuwa zimepotea katika kona yoyote ya majuma matatu yaliyotangulia.

Jambo la pili la kueleweka ni upepo. Anayeendesha mbele huupasua upepo, na anayemfuata kwa karibu hutumia nguvu pungufu, mara nyingi kwa kiasi cha robo hadi theluthi katika barabara tambarare. Ndiyo maana mchezo unaoonekana kuwa wa mtu mmoja ni mchezo wa timu. Wasaidizi humkinga kiongozi wao na upepo, humletea maji na chakula, na wakati mwingine humpa hata gurudumu lao. Jina la msaidizi halionekani juu ya jedwali, lakini nguvu zake zimo ndani ya muda wa kiongozi.

Mbio za namna hii si ngeni katika eneo la Maziwa Makuu. Mbio za kuzunguka Rwanda zilianza mwaka 1988 na kuingia katika ratiba ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2009. Valens Ndayisenga, Mnyarwanda, alizishinda mwaka 2014 na tena mwaka 2016. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda miendo mitatu ya mbio za Ufaransa na kuvaa jezi ya kijani ya pointi hadi Nice, ambako safari iliishia badala ya Paris. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

3.0 Namna Mwigo Unavyofanya Kazi

Mbio za mwigo ni za aina tatu. Aina ya kwanza humtaka mshabiki achague wapanda baiskeli halisi kabla ya mbio kuanza, kisha ajumlishe pointi zao kadiri wanavyomaliza barabarani. Hapa yeye ni mchaguzi tu, na mbio zikishaanza hana la kufanya. Aina ya pili ni ya kompyuta. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa programu za kampuni ya Cyanide ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2001, ambamo mchezaji huwa msimamizi wa timu: huajiri, hupanga mazoezi, na hutoa amri wakati wa mbio. Kila mpanda baiskeli hupewa alama za uwezo wa kupanda milima, wa kukimbia tambarare, wa kupona uchovu na kadhalika, na programu huzikokotoa alama hizo pamoja na chembe ya bahati.

Aina ya tatu ni ya kadi na ubao. Hii ndiyo ifaayo zaidi kwa maelezo, kwa kuwa hesabu yake yote iko wazi, haihitaji umeme, na inaweza kuigwa kwa karatasi na kalamu. Mfano wake ni mchezo uitwao Flamme Rouge, uliobuniwa na Asger Harding Granerud wa Denmark na kutolewa mwaka 2016. Jina lake linatokana na kitambaa chekundu kinachotundikwa juu ya barabara kilomita 1 kabla ya mwisho wa mbio.

Katika mchezo huo kila mchezaji ana wapanda baiskeli wawili. Mmoja ataitwa hapa mvumilivu na wa pili mwendakasi. Kila mmoja ana fungu la kadi 15. Kadi za mvumilivu ni za namba 3, 4, 5, 6 na 7, tatu tatu. Za mwendakasi ni za namba 2, 3, 4, 5 na 9, nazo tatu tatu. Namba ni idadi ya miraba atakayosogea. Katika kila zamu mchezaji huvuta kadi nne za kila mpanda baiskeli, huchagua moja kwa siri, na kuzirudisha tatu. Kadi iliyotumika hutolewa kabisa, kwa hiyo nguvu iliyotumika mapema haipatikani tena mwishoni.

Sheria mbili huuleta upepo mezani. Ya kwanza inasema kwamba, baada ya wote kusogea, kundi lililoachwa kwa mraba mmoja mtupu husogezwa mbele bure hadi liliguse kundi lililotangulia. Ya pili inasema kwamba yeyote mwenye mraba mtupu mbele yake huongezewa kadi ya uchovu yenye namba 2, nayo huingia katika fungu lake. Mlimani hakuna anayesogea zaidi ya miraba mitano, na faida ya kufuata nyuma haipo. Katika mteremko kila mtu husogea angalau miraba mitano. Hivyo kadi ya 9 ikichezwa mlimani hupotea bure, na kadi ya uchovu huchezwa kwa faida wakati wa kuteremka.

Uzito wa uchovu unaweza kukadiriwa. Kadi 15 za mvumilivu zina jumla ya 75, yaani wastani wa 5. Zikiongezwa kadi tatu za uchovu, jumla huwa 81 kwa kadi 18, na wastani hushuka hadi 4.5. Kwa mwendakasi, uwezekano wa kuiona angalau kadi moja ya 9 katika kadi nne za kwanza ni takriban mara 64 katika 100. Akiwa na kadi tatu za uchovu, uwezekano huo hushuka hadi takriban 55. Bahati ipo, lakini aliyeipunguza au kuiongeza ni mchezaji mwenyewe, zamu nyingi kabla.

4.0 Timu ya Panda: Mfano wa Kubuni

Mji wa Likasi una tarafa nne, ambazo ni Likasi, Panda, Kikula na Shituru. Chukuliwe mfano wa kubuni wa meza yenye timu nne zilizopewa majina ya tarafa hizo, na mbio za miendo mitatu katika barabara ya magharibi: Likasi hadi Kambove, Kambove hadi Fungurume, na Fungurume hadi Kolwezi. Wachezaji wamekubaliana juu ya mambo mawili. Kila pengo la mraba mmoja mwishoni mwa mwendo lihesabiwe sekunde 10, na wanaofika katika kundi moja wapewe muda mmoja. Tena, nusu ya kadi za uchovu alizonazo mtu mwishoni mwa mwendo zivuke naye hadi mwendo wa kesho.

Katika mwendo wa kwanza mvumilivu wa Panda anaongoza kundi kwa zamu sita ili mwendakasi wake afike mwishoni akiwa na nguvu. Mpango unafaulu. Mwendakasi wa Panda anakuwa wa kwanza Kambove, wote wakiwa katika kundi moja. Jedwali la jioni linaonyesha ushindi wa Panda na tofauti ya sekunde 0 baina ya timu zote. Jambo lisiloonekana ni kadi sita za uchovu za mvumilivu, ambazo tatu kati yake zinavuka hadi siku ya pili.

Katika mwendo wa pili mvumilivu wa Kikula, ambaye jana alijificha katikati ya kundi, anachomoka mlimani. Mvumilivu wa Panda anataka kumfuata, lakini kadi nne alizovuta zina namba 2 mbili, 3 moja na 4 moja. Anafika Fungurume akiwa nyuma kwa miraba minne, yaani sekunde 40. Katika mwendo wa tatu anapigana kiume na kumtangulia mpinzani wake kwa miraba mitatu, yaani sekunde 30. Kikula inashinda mbio nzima kwa sekunde 10, ambazo ni mraba mmoja.

Mshabiki wa Panda aliyesoma majedwali peke yake atasimulia hivi: siku ya kwanza tulishinda, siku ya pili tulipata kadi mbaya, siku ya tatu tulikaribia. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yameiacha sababu nje. Mraba uliokosekana Kolwezi ulitumika kabla ya Kambove, siku ile ya furaha. Zaidi ya hayo, mvumilivu aliyeshindwa siku ya pili ndiye aliyeununua ushindi wa siku ya kwanza, na hakuna safu ya jedwali inayosema hivyo. Kuifuata timu kwa maana kamili ni kufuata nguvu zinakotoka na zinakokwenda, wala si kusoma nafasi tu. Kwa kazi hiyo namba hazitoshi. Yanahitajika maneno.

5.0 Maneno Yanayohitajika

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Mambo ya michezo yanayoandikwa huandikwa zaidi kwa Kifaransa. Kiswahili cha Likasi chenyewe ni cha mji wa kazi. Kilikua katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo mali zake zilitaifishwa mwaka 1967 na kuwa msingi wa Gécamines. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi siasa za ajira na hofu ya Wabelgiji juu ya athari za Waingereza kutoka kusini zilivyochangia kukipa Kiswahili nafasi hiyo. Msemaji wa huko husema batu badala ya watu, na mutoto badala ya mtoto. Tofauti hizo zimewafanya baadhi ya watu wakione kuwa ni Kiswahili pungufu kisichofaa kwa maelezo ya kitaalamu.

Mbio za vituo zinaonyesha vinginevyo. Kiswahili kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, ambayo ilikuwa ni safari ya vituo kwa maana halisi. Makao ya Msiri huko Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, yalikuwa mojawapo ya vikomo vya misafara hiyo. Watu wa misafara walikuwa na maneno kamili ya kazi yao. Mwendo ulikuwa safari ya siku, na kituo au kambi mahali pa kulala. Kirangozi alitangulia mbele na kuweka kasi ya wote. Mnyapara aliwasimamia watu, akiamua nani abebe nini na lini wapumzike. Mpagazi alibeba mzigo usio wake. Posho ilikuwa chakula kilichogawiwa kwa kipimo. Telekeza ulikuwa mwendo wa alasiri, baada ya kula, ili msafara uvuke nchi isiyo na maji.

Maneno hayo yanaingia katika mbio za baiskeli bila ya kulazimishwa. Anayeongoza kundi na kupasua upepo ni kirangozi wa zamu hiyo. Msaidizi anayerudi nyuma kuchukua maji ya wenzake ni mpagazi wa timu. Mfuko wa chakula anaopewa mpanda baiskeli akiwa mwendoni ni posho yake. Msimamizi aliye garini, au mchezaji aliye mezani, ni mnyapara. Neno hili la mwisho lina mwenzake katika Katanga, nalo ni kapita, lenye asili ya Kireno, ambalo lilienea Kongo nzima kwa maana ya msimamizi wa kazi. Kapita hapandi baiskeli, huamuru. Kwa hiyo halipaswi kuchanganywa na kapteni wa timu, ambaye huamuru akiwa anateseka pamoja na wenziwe. Posho nalo halikuishia katika misafara, kwa kuwa katika kambi za migodi lilikuwa jina la chakula kilichogawiwa kwa wafanyakazi na jamaa zao.

Neno la baiskeli lenyewe linastahili maelezo. Katika Kiswahili cha Katanga baiskeli huitwa kinga, neno lenye undugu na incinga ya Kibemba. Katika Kiswahili sanifu kinga ni kitu cha kuzuia madhara. Maneno haya mawili yamefanana kwa sauti tu. Hata hivyo, katika mbio, ambamo msaidizi na baiskeli yake humkinga kiongozi na upepo, maana zote mbili hukutana katika sentensi moja, na msikilizaji wa Likasi na wa Dodoma wanaweza kila mmoja kuielewa kwa njia yake.

Kuna sababu nyingine ya kuyachagua maneno ya uchukuzi. Katika Katanga baiskeli ni chombo cha mizigo kabla ya kuwa cha michezo. Magunia ya makaa, ambayo Likasi huyaita makala, hufikishwa mjini juu ya baiskeli zilizosheheni hata mwenyewe hapandi bali husukuma. Mchukuzi huyo anajua bila ya kufundishwa kwamba nguvu iliyotumika katika kilima cha kwanza haipatikani katika kilima cha pili, na kwamba mteremko ni mahali pa kupumzika. Akielezwa mbio kwa maneno ya posho, mwendo, mpagazi na kapita, huingia katika mazungumzo akiwa mjuzi. Akielezwa kwa istilahi za kigeni, huwa mgeni katika jambo alifanyalo kila siku.

Kwamba Kiswahili cha Katanga kinaweza kusimulia mambo kwa upande wa mtumishi si jambo la kudhaniwa. Mwaka 1965 André Yav aliiandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji huo na kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Fabian na wenzake waliichapa pamoja na maelezo mwaka 1990. Thamani yake mojawapo ni kwamba historia ya mji imo humo kama ilivyoonekana na waliobeba, waliopika na waliofua.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mbio za vituo, ziwe za barabarani au za mezani, ni hesabu ya muda ambayo sababu zake ziko mbali na matokeo yake. Mwigo wa kadi huzifanya sababu hizo zionekane: kila kadi ya uchovu ina siku iliyochumwa na siku iliyolipwa. Yameeleza vilevile kwamba anayeifuata timu huhitaji maneno ya kuitaja kazi hiyo ya kati, na kwamba msamiati wa misafara na wa kambi za kazi unayatoa.

Waundaji wa istilahi za michezo wana la kuzingatia hapa. Kabla ya kukopa neno la Kifaransa au la Kiingereza kwa kila kitendo cha mpanda baiskeli, inafaa kwanza waulizwe wale waliokwisha kukitenda. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Lubumbashi na Likasi wanaweza kuanza kwa kazi ndogo: kuziendesha mbio za miendo mitatu mezani, kuzitangaza kwa Kiswahili cha mji mwanzo hadi mwisho, na kuandika kila neno lililotumiwa kumtaja asiyeshinda. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mvumilivu wa Panda ana jina katika lugha ya wanaomshangilia.